Kiganja kwenye mche wa sabuni: mnyama aliyehamia chini ya banda la mama, Mugango

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi humu huwa nasoma tu. Nikiandika ni mstari mmoja, na huo nao naufuta kabla sijautuma.

Lakini jana mwenzetu mmoja aliuliza afanyeje, ana mnyama chini ya banda lake la kuku na hamjui ni nani. Majibu yote yakawa mwaga mafuta ya taa, choma moto, fukua. Nikasema hapana, leo naandika hata kama nitamaliza kesho.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu. Elimu yangu ni darasa la saba na kidole kinachobonyeza ni kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwetu Mugango, kando ya ziwa. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwoga wa watu. Wageni wakija mimi napitia nyuma ya nyumba. Kanisani nilikaaga benchi la mwisho ili nisiombwe kusoma.

Wadogo zetu humu hamkuiona miaka ile. Rafu za duka zilikuwa na vumbi tu. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Tulifua kwa majivu na majani ya mpapai. Shati jeupe la Jumapili likawa rangi ya udongo, na hakuna aliyekucheka maana la kwake nalo lilikuwa hivyo hivyo.

Halafu ukaja msako wa walanguzi. Ukikutwa na katoni ya sabuni na huna maelezo, unaondoka na mgambo. Kuna watu walitupa mali zao ziwani kwa hofu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na kiduka Mwisenge, pale Musoma mjini. Msako uliposhika moto alikuja kwetu na baiskeli, alfajiri, katoni mbili za sabuni ya miche zimefungwa nyuma na kufunikwa majani ya ng'ombe. Akamwomba mama amfichie wiki moja tu. Kisha akaenda Bunda kwa rafiki yake, akanyamaza.

Baba naye alikuwa Bunda huko huko, kibarua kwenye kiwanda cha pamba, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa mama na mimi.

Sasa hilo banda. Mama alikuwa na bustani ya nyanya, kabeji na mchicha karibu kabisa na maji. Pembeni kulikuwa na kibanda cha majembe, keni za kumwagilia na bomba la kupulizia pamba. Sakafu yake ilikuwa mbao za mtumbwi uliochakaa, zimewekwa juu ya mawe ili mvua ikija maji yapite chini. Tuling'oa ubao mmoja, tukashusha katoni, tukapigilia.

Mama akaweka sheria moja. Hakuna kugusa. Hata kunawa mikono.

"Siku hizi harufu ya sabuni inatembea kuliko mtu," alisema. "Sisi tutanuka majivu kama wenzetu."

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Mjomba kimya.

Ndipo tukaanza kusikia kitu chini ya banda. Mara kukwaruza, mara kama mluzi mwembamba, mara kimya kabisa. Upande wa ziwani likatokea shimo, upana wake mbwa wa kawaida anapita bila kujikunja. Tulisema kitaondoka chenyewe.

Hakikuondoka. Jumatatu moja asubuhi nimeenda kumwagilia, nikakuta mche mzima wa sabuni umelala juu ya tuta la nyanya. Wazi kabisa. Na njia ya kwenda kuchota maji inapita pale pale.

Wakuu, nikauangukia kama kipa, nikauficha tumboni, nikakaa pale nikijifanya nang'oa magugu mpaka akina mama wawili wenye ndoo wakapita.

Mama alipouona alikaa chini.

Siku hiyo hiyo mchana jirani yetu, Mama Nyanjiga, alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kulalamika kwamba kuku wake watatu wamepotea na mwizi anaishi chini ya banda letu. Balozi alikuwa mzee Majura, mvuvi mstaafu, mtu wa maneno machache. Mwezi ule binti yake alikuwa amejifungua, tulishakwenda kumpa hongera. Akaja na wanaume wawili, wakainama kwenye shimo.

Hapo kila mtu akawa bingwa wa wanyama.

Mama Nyanjiga alisema ni chatu, na atakayefuata baada ya kuku ni mtoto wa mtu. Mwanamume wa kwanza alisema ni nungunungu, na uso wake ulionyesha tayari anaiona nyama kwenye sufuria. Wa pili alisema huyo ni nyegere.

Mnajua sifa ya nyegere kwa wanaume, huwa anauma pale pa siri. Aliposema hivyo, yule wa kwanza akasimama wima na kukusanya mapaja.

"Wewe mbona umerudi nyuma?" Mama Nyanjiga akamuuliza. "Una nini cha kupoteza?"

Wakacheka. Mama alicheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kanga kwa nguvu.

Balozi hakucheka. Alisema Alhamisi ni siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Badala ya kwenda kufyeka barabara ya zahanati, nyumba kumi zetu zitaanza hapa. Banda litang'olewa sakafu, patafukuliwa, mnyama auawe, kisha watu waendelee na barabara. Alisema kama anatupa msaada. Na kwa kweli ulikuwa msaada.

Walipoondoka mama alinitazama. Alhamisi. Zilibaki siku mbili.

Najua kuna mtu humu atauliza, si mngetoa sabuni mkahamisha? Tulijaribu jioni ile ile. Niliinua ubao kidogo tu, kutoka chini kikatoka kilio cha ajabu, mlio wa kitu kilichokasirika, na pua ikapiga ubao kwa ndani. Mama aliruka, mimi nikaangusha nyundo. Tukarudisha ubao. Mkono wa nani uingie mle bila kujua ni nani anaungojea?

Kwa hiyo ilikuwa lazima kumjua. Kama ni nungunungu, wangekuja hata watu wa vijiji vingine, maana nyama ilikuwa shida. Kama ni nyegere, labda wangeogopa. Nilifikiri hata kudanganya kwamba ni nyegere. Lakini mtu asiyesemaga kitu, siku akisema uongo unaonekana usoni.

Nilikuwa nimechunga ng'ombe kwa babu yangu Butiama miaka miwili. Kule nilijifunza jambo moja. Mnyama usiyemwona, mwachie majivu aandike.

Jioni ile nilichekecha majivu ya jikoni, nikayatandaza laini mbele ya shimo na pande zote za banda.

Jumanne kumepambazuka nikaenda. Nilipoona nilichokiona nikamwita mama kwa mkono.

Kwenye majivu kulikuwa na kiganja. Vidole vitano, virefu, havina kucha. Ukubwa kama wa mtoto wa miaka miwili au mitatu. Kimoja, halafu kingine, vinaingia shimoni.

Mama akasema, "Huyu ni mtu."

Mtaona ni ujinga. Lakini kwa miaka ile haikuwa ujinga. Watu walikuwa wanachongeana. Mama aliamini kuna mtu ametuma mtoto wake mdogo atambae chini ya banda aone kilichopo, ndiyo maana mche ulitoka nje. Akaanza kutaja majirani mmoja mmoja, nani ana mtoto wa umri huo. Alifika mpaka kwa mjukuu wa mchungaji. Alisema atakwenda kwa balozi mwenyewe akakiri kabla hawajaja, labda watamhurumia.

Nikamwambia mama, ngoja mpaka mchana.

Nikaanza kufikiri taratibu, kama ninavyoandika hapa. Viazi na mihogo ya mama kule nyuma ya nyumba haikuguswa, na hakuna hata mwiba mmoja chini. Nungunungu hapana. Chatu hachimbi shimo na hana mikono. Nyegere ana kucha ndefu, angechana yale majivu. Panya buku angeila sabuni. Na mtoto wa mtu asingekaa chini ya mbao anapuliza mluzi.

Nilipozunguka upande wa ziwani nikakuta mche wa pili, umesukumwa nje ya shimo, nusu yake ndani ya tope. Niliuchukua, nikaingia nao ndani ya nyumba, nikaufuta.

Wakuu, sabuni iliyokaa chini kwenye unyevu inakuwa laini kama ugali uliopoa. Na ubavuni mwa mche ule kulikuwa na kile kiganja kimebanwa vizuri kabisa. Majivu yalikuwa yameonyesha umbo tu, sabuni ilionyesha kila kitu. Vidole vinene, havina kucha, na katikati yake, chini kabisa, kuna kangozi kadogo. Hakuna jino hata moja lililouma. Huyu hakutaka kula. Alikuwa anaondoa vitu vinavyombana, au anachezea.

Nikakumbuka. Nilipokuwa darasa la tano niliwahi kumwona mmoja kwenye mawe, ameshika kaa kwa mikono miwili, anamvunja na kumtafuna kama mtu anavyokula hindi.

Fisi maji.

Kwa wasiomjua, ni mnyama wa ziwani, mrefu, manyoya yanang'aa, anaogelea kuliko samaki. Hana undugu na fisi wa porini.

Nikateremka ziwani kuhakikisha. Juu ya jiwe moja karibu na mafunjo nikakuta kinyesi chake, kimejaa magamba ya kaa yaliyosagwa. Siku zote nilikuwa nikipita pale nadhani ni vipande vya chungu. Na ule mluzi mwembamba chini ya banda ulikuwa wa watoto. Mama yao amezaa juu ya sabuni za mjomba.

Sasa nilikuwa na jibu, na ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa kitu ambacho siwezi kumwonyesha mtu yeyote duniani.

Na jibu lenyewe halikutuokoa. Wavuvi walimchukia fisi maji kwa kuchana nyavu. Nikisema ni yeye, watakuja na mikuki ya nyongeza. Ilibidi ahame mwenyewe kabla ya Alhamisi.

Babu aliwahi kuniambia kwamba mnyama mwenye watoto akisumbuliwa bila kupigwa, anawahamisha. Akipigwa anapigana. Kwa hiyo kelele, lakini kelele ya amani.

Kelele gani? Nikipiga debe watu watakuja kuangalia. Nikichoma moto itaungua sabuni. Nikaona kitu pekee ambacho majirani hawatakishangaa sana ni mtu kusoma Biblia kwa sauti.

Mimi. Wa benchi la mwisho.

Nilikaa juu ya sakafu ya banda, miguu ikining'inia, nikaanza kitabu cha Mwanzo. Mwanzoni sauti ilikuwa ya kujisikia mwenyewe. Chini kimya. Nikaongeza. Nikasoma uumbaji, nikasoma safina, nikafika kwenye vizazi, fulani akamzaa fulani, nikawa napiga mbao kwa kisigino kila anapozaliwa mtu. Akina mama wa ndoo walisimama kunitazama. Mama Nyanjiga aliuliza juu ya uzio, huyu kijana ameanza kuhubiri lini? Mama akamjibu kwamba nimeguswa na Roho.

Nilisoma Jumanne mchana wote. Jumatano nikaanza asubuhi mpaka koo likawa kama limepakwa mchanga. Kila nilipotaka kunyamaza nilikuwa natia mkono mfukoni. Ule mche wenye kiganja nilikuwa natembea nao mfukoni mwa kaptura. Sijui kwa nini. Nilikuwa naupapasa tu.

Mpaka Jumatano jioni alikuwa hajatoka.

Alhamisi alfajiri, rangi ya maji ndiyo kwanza inaonekana, nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kabeji na mama pembeni yangu. Akatoka. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Mdomoni amebeba mtoto mmoja kwa ngozi ya shingo. Alisimama juu ya majivu, akatutazama, nina hakika alituona. Kisha akateremka kwenye mafunjo.

Akarudi. Akachukua wa pili.

Wakati huo tukaanza kusikia sauti za wanaume na majembe kule juu barabarani.

Akarudi tena. Wa tatu alikuwa mkaidi, alimponyoka, akamwokota. Alipozama kwenye mafunjo, mtu wa kwanza alikuwa anafungua uzio wetu. Hatukupata hata dakika ya kugusa ubao.

Walikuja kama ishirini, na sururu, mapanga, mikuki miwili ya samaki. Yule wa nungunungu alikuja na sufuria, naapa.

Balozi akanyoosha mkono kuelekea banda. Mtu akaweka ncha ya sururu kwenye ubao wa kwanza.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Mzee, ameshahama."

Watu wote wakageuka. Nusu yao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yangu. Nikawaonyesha nyayo kwenye majivu, zinaingia na zinatoka, nikawaonyesha mahali alipoburuta mtoto wa tatu, nikawapeleka kwenye jiwe la kinyesi. Nikaeleza kwa nini si chatu, si nungunungu, si nyegere. Sauti ilikuwa imekauka kwa kusoma, labda ndiyo maana walisikiliza.

Wa sufuria akasema maneno hayatoshi, tufukue tuhakikishe. Wengine wakaitikia.

Mzee Majura akawanyamazisha kwa kiganja. Akapiga magoti mbele ya shimo, akatia mkono. Ukaingia mpaka kiwiko. Ukaingia mpaka bega. Shavu lake likagusa ardhi.

Akakaa hivyo.

Mama alikuwa amesimama kando ya keni. Nilimwona midomo inatembea bila sauti. Pale mkono wa mzee ulipofika, katoni haikuwa mbali. Mpaka leo sijui kama aliigusa.

Akautoa mkono. Umeshika konzi ya manyasi makavu, miiba ya samaki na gamba la kaa. Akanusa. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue.

Nilimshika kwa mkono wangu wa kulia, ule wa mfukoni.

Akasimama, lakini hakuuachia. Akausogeza karibu na uso wake, kama mtu anayetaka kunishukuru. Nikaona pua yake inafanya kazi. Nilitembea na sabuni siku mbili, wakuu, katika kijiji ambacho kila mkono ulinuka majivu na samaki.

Alinitazama. Akamtazama mama. Macho yake hayakuenda kwenye banda hata kidogo.

Akawageukia watu. "Ni fisi maji, na amekwenda. Shimo watalifukia wenyewe. Twendeni barabarani, jua linapanda."

Watu wakanung'unika, wakaondoka. Sufuria ikaondoka. Mzee akabaki nyuma kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Kabla hujaja kufyeka, nenda kanawe mikono. Kwa majivu."

Basi. Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki.

Mchana nilipotoka msaragambo mama aliniambia nitoe kilicho mfukoni. Nikamwambia mama, huu naomba tuutunze, una kiganja chake. Hakuna mtu atakayeamini bila huu.

Mama akasema, "Mtoto wa binti wa balozi anaoshewa nepi kwa majivu, ngozi yote imebabuka. Wewe unataka kutunza kiganja cha mnyama?"

Akauviringisha ndani ya fungu la mchicha, akajitanda kanga, akaenda kumpa mzazi hongera mara ya pili.

Kwa hiyo picha sina, wakuu. Ushahidi wangu ulifuliwa na nepi.

Mjomba alizichukua sabuni zake mambo yalipopoa. Miaka ya baadaye biashara ilipofunguliwa alifungua duka Mwisenge tena, sabuni zimepangwa nje kama matofali, mtu anapita bila kuzitazama. Mimi kila nikipita nilikuwa nanusa mkono wangu.

Na kuku wa Mama Nyanjiga waliendelea kupotea. Mla kuku alikuja kukamatwa na manyoya mdomoni. Mbwa wake mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Usimhukumu aliye chini ya banda kabla hujaona anavyokanyaga. Sisi tulimdhania mnyama kuwa mtu mbaya, na balozi tuliyemwogopa kuliko mnyama ndiye aliyetufunika.

Mkuu mwenye banda la kuku, usichome. Leo jioni tandaza majivu, kesho asubuhi piga picha uiweke hapa tuisome pamoja.

Na wewe uliyeko Mugango sasa hivi, naomba uniambie kama wale wa kwenye mafunjo bado wapo. Nitayasoma majibu yote. Kujibu nitachelewa, mnanijua.